Kuchagua Mti Mdogo wa Mapambo kwa Uwanja wa Mbele wa Nyumba Minnesota: Mwongozo Kamili

Kila mwaka ifikapo wiki ya pili ya Mei, vitalu vya miche vinavyozunguka Minneapolis na St. Paul hujaa watu. Theluji imeyeyuka, jua limerudi, na miti iliyopangwa kwa safu imevaa maua meupe na ya waridi kiasi kwamba mtu aliyejifungia ndani tangu Novemba hushindwa kujizuia. Hapo ndipo wengi wetu tuliponunua mti usiofaa. Maua hukaa siku kumi hivi. Majani hukaa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Miezi saba inayobaki ni shina, matawi na gome tu mbele ya dirisha lako, na ni miezi hiyo hiyo inayoamua kama mti utaishi au utakufa. Kwa sababu hiyo nashauri mti wa mbele ya nyumba katika nchi ya baridi uchaguliwe kwa kuufikiria mwezi wa Februari kwanza, kisha ndipo tuangalie utakavyokuwa mwezi wa Mei.

Naandika nikiwalenga hasa ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki na Kongo walionunua nyumba katika jimbo hili, ingawa mengi humu yanafaa pia kwa anayeishi Wisconsin, Dakota Kaskazini, au hata Winnipeg, mradi achague miti inayovumilia baridi zaidi. Kwa mti mdogo nakusudia mti ambao ukikomaa hauzidi futi 25, yaani mita saba na nusu. Nyumba nyingi za huku zina nafasi tupu mbele kwa sababu mbawakawa wa kijani kutoka Asia anayeshambulia miti ya jamii ya Fraxinus (ash kwa Kiingereza), aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, alionekana St. Paul mwaka 2009, na tangu hapo miti ya jamii hiyo imekuwa ikikatwa mtaa kwa mtaa. Kisiki kikishasagwa, mwenye nyumba hubaki na duara la udongo na swali la nini cha kupanda.

Hatua ya kwanza: ijue baridi yako kwa tarakimu

Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa ramani inayoigawa nchi katika kanda kulingana na kiwango cha chini kabisa cha baridi kinachofikiwa katika mwaka wa kawaida. Kila kanda ina upana wa nyuzi 10 za Farenhaiti, nayo imegawanywa nusu kwa nusu kwa herufi a na b. Kanda ya 3 hushuka kati ya nyuzi 40 na 30 chini ya sifuri. Kanda ya 4 hushuka kati ya nyuzi 30 na 20 chini ya sifuri, ambazo ni takribani nyuzi 34 hadi 29 za Selsiasi chini ya sifuri, na kanda ya 5 kati ya nyuzi 20 na 10 chini ya sifuri. Ramani ya mwaka 2012 iliiweka Minneapolis katika kanda ya 4b. Ramani mpya iliyotolewa Novemba 2023 imeisogeza hadi 5a, kama ilivyoisogeza karibu nusu ya nchi nzima kwenye nusu kanda yenye joto zaidi, na sasa nasikia watu wakisema kwamba tumeruhusiwa kupanda miti ya kanda ya 5.

Mimi siafiki. Ramani hiyo imejengwa juu ya wastani wa miaka 30, tangu 1991 hadi 2020, na penye wastani pana miaka iliyoshuka chini yake. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilifika nyuzi 28 za Farenhaiti chini ya sifuri, karibu 33 za Selsiasi. Usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kuua mti uliokaa salama miaka mingi, nawe unapanda mti ambao ungependa wajukuu waukute. Nunua mti wa kanda ya 4 hata kama anwani yako inasoma 5a, na ukiwa karibu na Duluth au kaskazini zaidi tafuta wa kanda ya 3.

Somo hili nililipata kwa mepo wa Kijapani, Acer palmatum, ule wenye majani mekundu yaliyochanika kama vidole. Lebo yake ilisema kanda ya 5, nami nikaamini kwamba ukuta wa nyumba ungeukinga. Ulipita majira mawili ya baridi vizuri. Baada ya ya tatu, sehemu iliyokuwa imefukiwa na theluji, kama sentimita 40 kutoka ardhini, ilichipua kama kawaida, na yote iliyokuwa juu ya theluji ilikuwa imekufa. Mpaka wa sehemu hizo mbili ulionekana kwenye gome kana kwamba umechorwa kwa rula: chini kijani kibichi, juu kahawia iliyokunjamana. Theluji ni blanketi kweli, lakini haifiki kileleni.

Wengi huniuliza kuhusu mjakaranda wa Nairobi, au mkrismasi unaowaka mwekundu Tanga na Dar es Salaam kila Desemba, kama hauwezi kuishi huku ukifunikwa vizuri. Hauwezi, na sababu yake inafaa kueleweka. Mti wa nchi za baridi husoma urefu wa siku. Siku zinapofupika mwezi wa Agosti na Septemba huacha kurefuka, hufunga vichipukizi vyake ndani ya magamba magumu, na hubadilisha hali ya chembe zake ili barafu isizipasue. Mti uliozoea karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, hauna maandalizi hayo ndani yake, na hakuna gunia wala blanketi linaloweza kuyaleta.

Hatua ya pili: upime uwanja ukiwa bado na theluji

Watu hupima uwanja mwezi wa Mei kwa sababu ndipo unapopendeza. Pima Februari. Simama barabarani upige picha za mahali ambapo wewe mwenyewe humwaga theluji unaposafisha njia ya gari, mahali ambapo gari la manispaa la kuondoa theluji huacha lundo lake, na mahali ambapo paa huporomosha theluji kwa mkupuo. Sehemu hizo tatu hazifai kupandwa mti. Theluji ya paa huvunja matawi, na lundo la kando ya barabara huwa limejaa chumvi ya kuyeyushia barafu, ambayo ikishaingia ardhini huizuia mizizi kunywa maji hata udongo ukiwa umelowa. Dalili zake huja Julai, majani yakiungua kingoni, wakati mwenye nyumba ameshasahau habari za chumvi.

Kisha pima upana. Lebo itakwambia upana wa mti uliokomaa. Chukua nusu yake, ongeza futi tatu au nne, na hiyo ndiyo nafasi ndogo kabisa kati ya shina na ukuta wa nyumba. Mti wenye upana wa futi 20 unahitaji kukaa futi 13 au 14 kutoka ukutani. Nimeona miti mingi mizuri iliyopandwa futi nne kutoka dirishani kwa sababu siku ya kupandwa ilikuwa na ukubwa wa mwavuli, na baada ya miaka kumi ikawa inakatwa upande mmoja kila mwaka hadi ikapinda.

Tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Tazama pia ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara: hata kama wewe ndiye unayeukata, ukanda huo kwa kawaida uko chini ya mamlaka ya mji, na kupanda mti hapo bila kibali kunaweza kukugharimu mti wenyewe. Mjini Minneapolis miti ya ukanda huo husimamiwa na bodi ya bustani na burudani ya mji. Kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, soma kanuni zake kabla ya kulipa chochote.

Hesabu saa za jua. Miti mingi ya maua hutaka angalau saa sita kwa siku. Ikiwa mbele ya nyumba yako panaelekea kaskazini na jua hupagusa kidogo tu asubuhi, orodha yako itakuwa fupi, lakini haitakuwa tupu.

Kuhusu udongo, peleka sampuli kwenye maabara ya kupima udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya mti, na majibu yatakueleza kama udongo una chokaa nyingi, jambo linalofanya baadhi ya miti kugeuka manjano. Usidhani kuwa utaubadilisha udongo wa uwanja mzima; chagua mti unaoupenda udongo ulionao.

Hatua ya tatu: linganisha miti kwa majina ya kisayansi

Kitaluni andika jina la kisayansi kwenye daftari, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika duka hadi duka na miti miwili tofauti huweza kuitwa jina moja. Ifuatayo ndiyo ninayoweza kumshauri jirani.

Ningeruhusiwa kupanda mti mmoja tu, ungekuwa Amelanchier, hasa aina iitwayo 'Autumn Brilliance'. Hufika futi 15 hadi 25, huvumilia kanda ya 4 bila taabu, na una kitu cha kuonyesha katika kila majira. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei hufunikwa na maua meupe kabla majani hayajakunjuka vizuri. Mwezi wa Juni huzaa matunda madogo yanayoanza mekundu kisha yakawa ya zambarau iliyokolea, matamu, yenye mbegu zinazoacha ladha kama ya lozi ukizitafuna. Utayagombania na ndege, na kwa kawaida ndege hushinda. Mji wa Saskatoon nchini Kanada ulipata jina lake kutokana na neno la Wakrii kwa tunda la mti wa jamii hii. Oktoba majani hugeuka rangi ya chungwa na nyekundu, na baada ya kupukutika hubaki gome la kijivu, laini, lenye michirizi ya wima, ambalo juu ya theluji hupendeza kwa utulivu ambao sijaona mti mwingine mdogo ukiufikia. Waweza kuununua wenye shina moja au mashina kadhaa. Mimi napendelea mashina matatu, ila usiuweke hivyo chini ya paa linaloporomosha theluji.

Mtofaa wa mapambo, Malus, ndio utakaouona zaidi kitaluni, na ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu tofauti kati ya aina nzuri na aina mbaya ni kubwa. Aina nyingi za zamani hushikwa na kuvu wa madoa meusi, na kufikia Agosti mti huwa uchi. Nyingine hushambuliwa na ugonjwa wa bakteria unaovigeuza vichipukizi kuwa vyeusi, vikapinda ncha kama bakora, mithili ya vilivyopitishwa motoni. Kwa hiyo usinunue kwa rangi ya ua. Uliza kwanza juu ya ukinzani wa magonjwa. 'Prairifire', iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, ina maua ya waridi iliyokolea na inayakinza madoa vizuri. 'Red Jewel' na 'Donald Wyman' zina maua meupe na matunda mekundu yanayong'ang'ania matawini hadi katikati ya majira ya baridi. 'Spring Snow' haizai matunda kabisa, sifa inayowavutia wanaochoka kufagia njia, lakini hushikwa na madoa kwa urahisi, nami siipandi. Angalia pia ukubwa wa tunda: likiwa chini ya nusu inchi, ndege hulimaliza juu ya mti, likizidi hapo, huanguka, likakanyagwa na kuingizwa ndani na viatu vya watoto. Asubuhi ya Februari, theluji ikiwa imelala juu ya kila kishada cha matofaa madogo mekundu, utaelewa kwa nini navumilia usumbufu wa mti huu.

Lilaki ya Kijapani ya mti, Syringa reticulata, ni chaguo la mtu ambaye uwanja wake uko karibu na barabara. Aina maarufu, 'Ivory Silk', ilitoka Ontario, huishi hadi kanda ya 3, hufika futi 20 au 25, na huvumilia chumvi na udongo mgumu kuliko miti mingi ya maua. Huchanua Juni, wakati miti mingine imeshamaliza, kwa vishada vikubwa vya rangi ya maziwa. Harufu yake ni nzito, na wapo wasioipenda. Nenda ukainuse kwanza.

Cercis canadensis hustahili maelezo ya pekee kwa sababu unaonyesha jinsi asili ya mbegu inavyoweza kuamua kila kitu. Mti huu huchipuza maua ya waridi yenye zambarau moja kwa moja kwenye matawi makavu, na mara nyingine kwenye shina lenyewe, kabla ya jani hata moja kuonekana. Kwa asili ni mti wa kusini zaidi, na mche uliotokana na mbegu za huko hufa hapa. Hata hivyo, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Minnesota huko Chaska ilikuwa na miti iliyostahimili baridi yetu, na mbegu zake ndizo zilizoleta kile kinachouzwa kama aina ya Minnesota. Spishi ni ile ile na majani ni yale yale, ila nguvu ni tofauti. Kama muuzaji hawezi kukueleza mbegu zilitoka wapi, uache mti huo.

Kwa uwanja unaoelekea kaskazini au mashariki wenye kivuli cha sehemu ya siku, tafuta Cornus alternifolia, mti wa asili wa misitu ya huku, ambao matawi yake hutandaa kwa ngazi za mlalo na theluji ikayafuata kana kwamba imepangwa rafuni. Unataka mizizi iliyo baridi na yenye unyevu, na haupendi ukuta wa kusini. Anayetamani mepo wa Kijapani kama nilivyoutamani mimi atosheke na binamu yake wa Korea, Acer pseudosieboldianum, unaohimili kanda ya 4 na kuwa mwekundu kama makaa mwezi wa Oktoba. Magnolia ya nyota, 'Royal Star', haivuki futi 15 na baridi yetu haiiui, ila huchanua mapema mno na umande wa barafu huweza kuyageuza maua kuwa kahawia kwa usiku mmoja. Ipande mbali na ukuta wa kusini ili ichelewe kuamka. Na uwanja ukiwa mdogo sana, haidrenjia iliyofunzwa kuwa mti, Hydrangea paniculata, inatosha.

Hatua ya nne: kataa baadhi ya miti hata ukipewa bure

Peasi ya mapambo, Pyrus calleryana, hupandwa kwa maua yake meupe, lakini matawi yake hushikana kwa pembe finyu na kupasuka kwa uzito wa theluji, na mbegu zake huvamia mashamba na misitu. Jimbo la Ohio lilipiga marufuku uuzaji wake kuanzia 2023, na Pennsylvania ikafuata 2024. Mepo wa Amur, Acer ginnala, ni mgumu na mzuri wakati wa kupukutika, lakini hapa Minnesota umetoroka bustanini na kuingia msituni kwa mbegu zinazopeperushwa na upepo. Prunus virginiana yenye majani ya zambarau hutoa machipukizi katika nyasi zote zinazouzunguka na hushikwa na uvimbe mweusi matawini.

Kataa pia mti uliopandwa na majirani wote. Miti ya Fraxinus ilipandwa kwa wingi hivyo baada ya ile ya Ulmus (elm kwa Kiingereza) kufa kwa ugonjwa, na tumeona matokeo yake.

Hatua ya tano: kagua mche kitaluni kwa vidole vyako

Miche huuzwa kwa namna tatu. Ya mizizi mitupu, isiyo na udongo, ni ya bei nafuu na huanza vizuri, lakini lazima ipandwe Aprili au mwanzoni mwa Mei kabla haijachipua. Ya ndoo ya plastiki hupatikana msimu wote, na kasoro yake ni mizizi inayozunguka ndani ya ndoo. Ya donge la udongo lililofungwa gunia na kapu la waya ni mikubwa na mizito. Usidanganywe na ukubwa. Mti wenye shina la unene wa inchi moja hushika ardhi haraka kuliko wa inchi tatu, na baada ya miaka michache mara nyingi humfikia kaka yake.

Kabla ya kulipa, tafuta mahali shina linapopanuka na kuanza kuwa mizizi. Mti wenye afya hauingii ardhini ukiwa umenyooka kama nguzo ya simu. Hupanuka chini kama mguu wa tembo. Mara nyingi sehemu hiyo imefukiwa na udongo wa ndoo. Ingiza kidole kando ya shina, uchimbechimbe taratibu. Ukifika inchi nne bila kukuta mzizi mkubwa, chagua mche mwingine. Chomoa ndoo ukiruhusiwa, utazame kama kuna mzizi mnene uliolizunguka shina, kwa sababu mzizi huo utanenepa pamoja na shina na baada ya miaka 10 au 15 utalikaba. Mti hufa polepole wakati huo, na mwenye nyumba hulaumu baridi.

Tazama gome upande wa kusini na magharibi kama lina ufa, na uhakikishe matawi makuu yameshikana na shina kwa pembe pana.

Hatua ya sita: panda kwa kina sahihi

Siku kadhaa kabla ya kuchimba, piga simu 811 ili mabomba na nyaya zilizofukiwa ziwekewe alama. Ni bure, na ni sharti. Minnesota wahitaji angalau siku mbili za kazi, na watakuja kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka, chungwa ni nyaya za mawasiliano. Fahamu kwamba mabomba na nyaya ulizoongeza mwenyewe baada ya mita inayopima matumizi ya nyumba hazitawekewa alama.

Chimba shimo pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe na kina zaidi ya donge lenyewe. Wenzetu waliozoea kupanda migomba na minazi kwa shimo refu lililojazwa samadi hupata shida hapa. Udongo uliolegezwa chini ya donge huzama, na mti huzama nao hadi shingo ya mizizi, yaani pale shina linapopanuka, ikafukiwa. Samadi ndani ya shimo huifanya mizizi ibaki humo kama ndani ya chungu badala ya kutoka kutafuta njia. Rudisha udongo ule ule uliochimba.

Mche wa ndoo ukatwe pande nne za donge lake kwa msumeno wa kupogolea, kama inchi moja kila upande, hadi donge la mviringo liwe kama sanduku. Mara ya kwanza mkono wangu ulisita, lakini kufanya hivyo kunaondoa mizizi inayozunguka na kuilazimisha mipya ielekee nje. Mti wa gunia ukishakaa shimoni, ondoa kamba zote, na gunia na waya wa sehemu ya juu. Hakikisha shingo ya mizizi iko sawa na uso wa ardhi. Tandaza vipande vya mbao kwa unene wa inchi tatu katika duara pana, ukiacha shina wazi kabisa. Matandazo yaliyorundikwa shinani kama kichuguu huozesha gome. Usiufunge mti kwenye nguzo isipokuwa kama kweli hausimami wenyewe, na ukiufunga, ufungue mwaka unaofuata.

Hatua ya saba: maji, kisha majira ya kwanza ya baridi

Kwa kila inchi ya unene wa shina, mwagilia galoni moja hadi moja na nusu, yaani lita nne hadi sita, kila mara unapomwagilia. Wiki mbili za mwanzo mwagilia kila siku, kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 kila baada ya siku mbili au tatu, kisha mara moja kwa wiki hadi ardhi igande. Endelea hivyo mwaka unaofuata pia. Kinyunyizio cha nyasi hakihesabiki, kwa kuwa maji yake hulowesha juu tu.

Novemba, kabla ya theluji kubwa, lizungushie shina kinga nyeupe. Adui hapa ni jua. Mchana wa Januari jua la kusini-magharibi hulipasha gome jembamba hadi chembe zake zikaamka. Jua likizama, baridi hurudi ghafla na gome la upande huo hufa, likapasuka kwa wima. Kinga nyeupe huurudisha mwanga. Iondoe Aprili, maana ikibaki kiangazi huhifadhi unyevu na wadudu.

Halafu sungura. Majira ya kwanza ya baridi ya mtofaa wangu, nilizungusha waya wa futi mbili nikaona yatosha. Theluji ilipofika futi moja na nusu ikawa jukwaa, na asubuhi moja nilikuta gome limetafunwa kulizunguka shina lote, alama za meno mawili mawili zikiwa wazi kwenye mbao nyeupe na vipande vya gome vimetapakaa juu ya theluji. Gome likiondolewa duara zima, chakula kutoka majanini hakiwezi kushuka mizizini, na mti hauponi. Waya uwe wa matundu ya robo inchi, uzame inchi chache ardhini kwa sababu ya panya wa porini, na uvuke kwa futi mbili kina cha theluji unachokitarajia. Ukiwa unasafisha njia, theluji safi isiyo na chumvi waweza kuirundika juu ya mizizi, itaikinga.

Mtofaa pogoa Februari au Machi, wakati bakteria wamelala. Lilaki pogoa mara tu baada ya kuchanua, kwa kuwa maua ya mwaka ujao huandaliwa kiangazi.

Machipuko ya kwanza usiwe na haraka ya kutangaza msiba. Mti mpya mara nyingi huchelewa kuliko wa jirani. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele: ukikuta kijani chenye unyevu, tawi hilo li hai. Ukikuta kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwangue tena, na tena, hadi ufike penye kijani, kisha ukate juu ya kichipukizi cha kwanza chini ya hapo. Kama hadi katikati ya Juni hakuna kijani popote juu ya matandazo, ndipo uchukue koleo.